Ekstensheni za taima na orodha ya kazi: nilizozijaribu hapa steshenari, na ninayoipenda haina hata taima

Wengi wanaoandika kuhusu hizi ekstensheni za kukufanya utulie kazini wanaandika kama vile kila mtu ana chumba chake, intaneti inamwagika tu, kompyuta mpya, na hamna mtu wa kuja kusimama mlangoni kusema hodi. Mi nina steshenari hapa Tabora mjini, upande wa Cheyo, natoa kopi, naprinti, naskani, nalamineti, napiga pasipoti saizi, na msimu wa mikopo ya wanafunzi wa vyuo ya HESLB ukifika najaza maombi ya watoto wa watu mpaka usiku, zikitoka nafasi za kazi ndo hivyohivyo tena na Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi serikalini. Afu pembeni naandika hesabu za AMCOS moja, chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku, na hii ndo kazi inayotaka kichwa kitulie, maana ukikosea kilo za mkulima mmoja utaitafuta hiyo namba mpaka majogoo. Kwa hiyo nilikuwa nataka kitu cha kukaa kwenye brauza, kinipimie muda wa kukaa na hesabu bila kuchungulia YouTube, kinikumbushe kazi za watu zilizobaki, na chenyewe kisigeuke usumbufu. Nimejaribu kadhaa, nyingine nimezitoa siku hiyohiyo.

Kwa ambaye ndo anaanza, ekstensheni ni kiprogramu kidogo unakipachika kwenye Chrome, Firefox au Edge, kinakaa kule juu pembeni ya anwani. Za taima karibu zote zinafuata staili ya Pomodoro, ya Mitaliano mmoja Francesco Cirillo, alikuwa mwanafunzi wa chuo mwishoni mwa miaka ya 1980, kusoma hakukaliki, akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya akaanza kujipimia. Dakika 25 kazi, dakika 5 pumzika, ukimaliza mizunguko minne unapumzika zaidi, 15 mpaka 30. Basi, hamna siri nyingine, na ndo maana ukitafuta hizi ekstensheni unakutana na picha za nyanya mpaka unahisi umeingia sokoni.

Sasa kama saa ya jikoni ilitosha kwa aliyeianzisha, ekstensheni inayojisifia kwa taima peke yake hainipi kitu, hata kitochi changu kina kengele. Thamani iko kwenye vingine: inazuia tovuti zinazokupotezea muda au hapana, inakumbuka kazi zako au hapana, na inachukua nini kutoka kwako wakati inafanya hayo. Hapo kwenye inachukua nini ndo watu wanapita haraka sana na mi nataka nikae.

Ukibonyeza kuiongeza, Chrome inakutolea kidirisha kinachosema hii kitu itaweza kufanya nini, na wote tunabonyeza ndiyo bila kusoma. Taima tupu inahitaji vitu vichache mno, kukuonyesha notifikesheni na kuhifadhi mipangilio yake, imeisha. Ukikuta taima tupu inasema inataka kusoma na kubadilisha data zako zote kwenye tovuti zote, jiulize inataka kusoma nini huko. Zile za kuzuia tovuti zina haki yake, haiwezi kukufungia Facebook bila kuona kwamba umefungua Facebook. Lakini kitu cha kuhesabu dakika 25? Mi hapo naachana nayo hata ingekuwa na nyota tano na picha za kupendeza.

Na sio uoga wa bure. Kwenye hii kompyuta watu wanaingiza namba za kitambulisho za NIDA, paswedi za Ajira Portal, vyeti vya kuzaliwa, matokeo ya kidato cha nne, mtu anakuja na bahasha ya kaki yenye maisha yake yote anakukabidhi anakwambia kijana nijazie. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo hata ukiacha ubinadamu, kuna sheria. Na ekstensheni inaweza kuwa safi leo kesho ikawa ya mtu mwingine. Ilikuwepo moja maarufu inaitwa The Great Suspender, haikuwa taima, yenyewe ilikuwa inalaza kurasa ulizoziacha wazi ili RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ipumue, ilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni mbili, mwenye nayo akaiuza mwaka 2020 na Februari 2021 Google wakaiondoa kwa kuwa ina programu hasidi ndani. Hao watu hawakubonyeza kitu chochote kipya, waliendelea tu na kazi zao na ekstensheni ikabadilika mikononi mwao. Tangu niisome hiyo nina tabia ya kuangalia mtengenezaji ni nani, anaishije, na mara ya mwisho kuisasisha ni lini.

Wenzangu wa steshenari, hili fanyeni hata kama hamna mpango na taima: kazi za wateja zifungulieni kwenye dirisha la Mgeni (Guest) la Chrome. Kule ekstensheni haziingii, na ukilifunga, historia na paswedi alizoingiza mteja haibaki hata moja. Kazi zako mwenyewe zikae kwenye profaili yako, yaani ile sehemu ya Chrome yenye jina lako na mipangilio yako, hiyo ndo uipachike unachotaka, maana ekstensheni ya profaili moja haionekani kwenye nyingine. Imenisaidia pia kwenye kuzuia tovuti, nitafika huko.

La pili ni bando. Mi intaneti yangu ni ya kuwasha hotspoti kwenye simu, na bando likiisha katikati ya kazi siyo habari ya kushangaza. Sasa kuna ekstensheni zinazohifadhi vitu vyako humohumo kwenye kompyuta na kuna zinazohifadhi kwenye sava zao, yaani kompyuta zao huko mtandaoni, na dukani hawakuandikii kwa herufi kubwa ipi ni ipi. Kuna moja sitaitaja, ina nyota nyingi tu, bando lilipokata ikagoma kunionyesha hata orodha niliyoiandika mwenyewe asubuhi, inazungusha kiduara tu. Mama wa watu amekaa kwenye benchi anasubiri barua yake ya mirathi, mi nimeandika humo nakala ngapi na zipelekwe wapi, na kiduara kinazunguka. Iliondoka jioni ileile. Kwa hiyo kipimo changu ni hiki, ukishaiweka, zima data kabisa, funga brauza, fungua tena, uone kama taima inaanza na kama orodha ipo. Hakichukui hata dakika mbili na kinakuokoa na mengi.

Uzito nao uangalie, hasa wenzangu wenye laptopu za GB 4. Kwenye Chrome bonyeza Shift na Esc kwa pamoja, inafunguka orodha ya kila kitu kinachokula RAM ndani ya brauza, kila ekstensheni na jina lake na kiasi chake. Wengi hawaijui hii. Utashangaa kitu cha kuhesabu dakika kinavyoweza kula kuliko ukurasa wenye fomu.

Na jingine la kiufundi kidogo ila linawapata watu wengi bila kujua: Chrome wamebadilisha mfumo wa ekstensheni, wanauita Manifest V3, na tangu 2024 wamekuwa wakizizima zile za mfumo wa zamani. Ndo maana ukisoma orodha za zamani za ekstensheni bora za Pomodoro, nusu ukizitafuta huzioni au haziwashiki. Kwenye mfumo mpya ile sehemu ya ekstensheni inayofanya kazi kwa nyuma inalazwa ikikaa kimya kama sekunde 30. Aliyeiandika vizuri anatumia kengele ya brauza yenyewe kuiamsha, taima inaenda sawa. Aliyeiandika kwa haraka, ikilala na hesabu imelala. Nimekutana na ya hivyo, chai imeshapoa na yenyewe inaniambia bado dakika kumi na tisa. Ijaribu kwa kuiwasha sambamba na saa ya simu, shusha dirisha, endelea na Excel, ikilia pamoja na simu ni nzima.

Haya, majina sasa.

StayFocusd ni ya Chrome na ina roho mbaya, naisema kwa sifa. Unaipa tovuti zinazokupotezea muda na unazipangia dakika kwa siku, yenyewe ukiiweka inaanza na dakika 10, zikiisha zinafungwa mpaka kesho. Ina kile wanaita Nuclear Option, ukikiwasha zinafungwa kwa muda uliochagua na hamna kurudi nyuma, na ukitaka kubadilisha mipangilio unaweza kuiwekea mtihani, unapewa aya uinakili neno kwa neno bila kukosea hata herufi, ukikosea unaanza upya. Kwa mwanafunzi anayesoma kwa ajili ya mitihani na laptopu ni yake peke yake, hii inafaa sana. Kwangu ni balaa, maana mteja anakuja anataka nimfungulie Facebook yake amesahau paswedi, au mwalimu anataka video ya YouTube ya kufundishia, nimwambie nini, kwamba nimejifungia mwenyewe mpaka saa sita usiku? Ukitenganisha profaili kama nilivyosema hapo juu tatizo linapungua, ila bado hainifai, nitasema kwa nini nikifika kwenye WhatsApp.

Forest wengi mnaijua kwenye simu, unapanda mti, ukitoroka kwenda kwenye tovuti uliyoikataza mti unakufa, ukivumilia unajikusanyia msitu wako. Ipo pia kama ekstensheni. Watengenezaji wake wanashirikiana na shirika la Trees for the Future, sarafu unazokusanya kwenye app unaweza kuzitoa zikachangia kupanda miti ya kweli. Mkoa huu tunaoona malori ya kuni za kukaushia tumbaku na wenye mizinga ya asali wanalalamika miombo inaisha, mtu ukisikia habari za kupanda mti unaguswa kidogo, sikatai. Binti yangu anaipenda. Ila orodha ya kazi kama ninayoitaka mimi sio kazi yake, na mi mti ukinifia kwa sababu nimefungua ukurasa wa mteja naona kama naonewa.

Momentum inabadilisha ule ukurasa mpya unaofunguka, inakuwekea picha kubwa ya milima na kukuuliza leo lengo lako kuu ni nini. Nzuri ya macho. Picha mpya inashushwa kwa bando langu, na vitu vyenye maana vingi vimewekwa upande wa kulipia. Nimeipita.

Toggl Track ni ya Estonia, kampuni ipo tangu 2006, na hii ni ya mtu anayelipwa kwa saa. Unabonyeza kuanza, unaandika unamfanyia nani kazi gani, unabonyeza kusimamisha, mwisho wa wiki inakuonyesha kila mteja amekula saa ngapi. Bure mpaka watu watano, ina Pomodoro ndani, na inajua kukuuliza ukiondoka kwenye kompyuta huku taima inatembea kwamba huu muda uliokuwa haupo tuutoe au tuuache. Mi nilipoitumia kwenye hesabu za AMCOS ndo nikajua ile kazi inakula muda mwingi kuliko pesa ninayolipwa, na msimu uliofuata nikaenda na karatasi kwa katibu tukaongea bei upya. Kwa hiyo siwezi kuisema vibaya. Ila kuzuia tovuti sio kazi yake, na ule uzuri wake wa kuweka kitufe ndani ya tovuti nyingine unaendana na kuipa ruhusa ya kuziona hizo tovuti, rudi kwenye aya ya ruhusa ufanye maamuzi yako. Dogo anayefanya kazi za kunakili sauti za mtandaoni nimemwambia aanze na hii hii asitafute nyingine.

Todoist kwenye orodha za kazi iko juu, sina ubishi. Ipo tangu 2007, unabonyeza kitufe ukurasa uliopo unageuka kuwa kazi ya kukumbukwa, kwa bure unapata miradi mitano, inatosha kabisa: mi ningeweka kopi na uchapaji, maombi ya mtandaoni, hesabu, madeni, nyumbani. Uzuri wake mkubwa ni kuandika kazi pamoja na muda kwenye mstari mmoja na yenyewe inajipanga, sema hiyo inafanya kazi kwa Kiingereza na lugha nyingine kadhaa, kwa Kiswahili ukiiandikia kesho asubuhi inabaki ni maandishi tu. Na muda uiandikie kwa saa za kimataifa, mteja akisema anakuja saa nne wewe weka 10:00, la sivyo itakuamsha saa kumi alfajiri kwa ajili ya barua ya kuomba uhamisho. Haina cha kukuzuia usizurure, na taima ya Pomodoro utaunganisha na nyingine.

Wanaotaka vyote kwenye kitu kimoja, orodha, taima, rekodi ya muda, waangalie Super Productivity. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi yaani yeyote anaweza kuusoma, data zako zinakaa kwenye kompyuta yako. Inawekwa kwenye Windows au Linux au Mac kama programu, au unaifungua kwenye brauza, kwa hiyo kwa maana halisi sio ekstensheni, ila nimeitaja kwa sababu zile ekstensheni zinazojidai kufanya vyote nilizozijaribu zinafanya kila kimoja nusu. Kwenye hizo ekstensheni taima ipo lakini haina kusimamisha, orodha ipo lakini huwezi kupanga ipi ianze, takwimu zipo mpaka ulipie. Na kulipia ni kadi ya Visa au Mastercard, hata hizi za kwenye simu zinakubali sehemu nyingi, shida ni kwamba ni dola na inajirudia yenyewe kila mwezi mpaka ukumbuke kuikata. Kwa kitu cha kukukumbusha mambo, kukukumbusha uache kukilipia hakikumo.

Sasa ninayoipenda. LeechBlock NG.

Kwa sura haina mvuto hata kidogo. Ukifungua mipangilio unakutana na visanduku na maandishi kama fomu ya TRA, na haina nyanya, haina mti, haina taima ya Pomodoro, haina orodha ya kazi. Ni ya bure, msimbo uko wazi, ipo Firefox, Chrome na Edge, mipangilio inakaa kwako, bando likiisha haijali. Unaweza kutengeneza makundi ya tovuti mpaka 30 na kila kundi ukalipa sheria zake: hili lifungwe saa fulani mpaka saa fulani siku za kazi, hili lipewe dakika kadhaa kila saa, lile lifungwe moja kwa moja. Lakini kilichonikalisha ni kimoja tu, kwamba badala ya kuzuia inaweza kuchelewesha.

Nieleze, maana hapa ndo penyewe. Usumbufu wangu mkubwa sio Instagram, ni WhatsApp Web. Na WhatsApp Web ndo kazi yangu. Mteja hatembei na flashi siku hizi, anasema nakutumia WhatsApp nitolee nakala mbili, mwalimu anatuma mtihani, mchungaji anatuma ratiba ya ibada, katibu wa AMCOS anatuma picha za stakabadhi. Siwezi kuifunga hata saa moja. Afu nikiifungua kwa ajili ya faili la mtu naona kundi la ukoo lina ujumbe mpya, la harusi ya binamu linataka mchango, la Simba na Yanga linawaka moto, nikija kushtuka mteja anaguna. Ekstensheni nyingi kwenye hilo hazina jibu, ama umefunga ama umefungua, na ndo hapo StayFocusd inaponishinda.

LeechBlock unaiambia, tovuti hii usiifunge, ila kila nikiifungua nisubirishe kwanza. Inakuja karatasi inayohesabu sekunde kurudi nyuma, yenyewe inaanza na 60, mi nimeipunguza mpaka 15, zikiisha ukurasa unafunguka wenyewe. Mteja akiwa amesimama mbele yangu sekunde 15 sio kitu, namuuliza nakala ngapi na rangi au nyeusi, tayari imefunguka. Nikiwa peke yangu nimefungua kwa mazoea ya mkono tu, hizo sekunde 15 ni ndefu ajabu, nakaa naangalia zinavyoshuka, naona aibu, nafunga. Hamna notifikesheni, hamna mahubiri, hamna mti uliokufa. Facebook na YouTube kwenye profaili yangu nimezifunga kabisa kabla ya saa nane mchana, na za wateja ziko dirisha la Mgeni ambako LeechBlock haipo. Hapo ndo kutenganisha profaili na kuzuia tovuti vimekutana.

Mapungufu inayo. Ukiwa na nia ya kuikwepa utaikwepa tu, unafungua brauza nyingine, unaizima, ingawa inayo namna ya kujifungia mipangilio. Na kuielewa mara ya kwanza inachosha, mtu asiyependa kusoma ataweka sheria mbili zinazogombana aseme ni mbovu. Anza na kundi moja.

Nje ya brauza sasa, maana hili hamna ekstensheni inayolimaliza. Cirillo ana sheria kwamba mzunguko ukikatizwa umekufa, unaanza upya, na kwa watu wanaokukatiza ana utaratibu wake wa hatua nne, mwambie uko bize, kubalianeni, panga muda, umrudie baadaye. Utaratibu mzuri wa huko. Hapa anaingia mzee wa Ng'ambo na fimbo yake, "Mwangaluka!", unamwitikia unasimama, shikamoo mzee, za nyumbani, za mashamba, mvua huko kwenu vipi, mama anaendeleaje na mguu, na haya yote hayana haraka na hayatakiwi kuwa na haraka, afu ndo anatoa kitambulisho anataka kopi moja. Nimwambie mzee subiri nimebakiza dakika kumi na nne? Nani anayo hiyo roho? Kwa hiyo mi sharti langu kwenye taima yoyote ni kitufe cha kusimamisha kinachofikika kwa mbonyezo mmoja, na kuna taima zinazokikataa makusudi kwa sababu ya ile sheria ya Cirillo. Hizo Tabora hazifai, wala usipoteze bando kuzishusha.

Na hizo dakika 25 sio amri. Kwenye kujaza fomu zinanitosha, kwenye hesabu ndo kwanza namba zimeanza kukaa kichwani kengele inalia. Nimeweka 40, na hesabu nazifanya alfajiri kabla sijafungua mlango, ambapo taima inapata nafasi ya kufanya kazi yake bila mtu kugonga. Mchana siiwashi kabisa. Mchana ninachohitaji ni orodha na ile karatasi ya sekunde 15.

Kwa hiyo kwangu ziko hivi: LeechBlock NG ya kuzuia na kuchelewesha, kitaima kidogo cha bure kisichoomba ruhusa ya kusoma tovuti yoyote (viko vingi, vipimeni kwa data kuzimwa na kwa saa ya simu, chochote kinachofaulu ni sawa), Toggl nikiwa nafanya kazi ya kulipwa kwa saa. Orodha? Za wateja wa papohapo ziko kwenye daftari la kaunta, jina, nakala, kalipa au bado, kwa sababu kijana anayenisaidia naye lazima azione na yeye hakai kwenye kompyuta yangu. Zenye tarehe, mwisho wa maombi, marejesho, ripoti ya AMCOS, ziko Todoist ya bure. Nilitaka sana viwe kwenye kitu kimoja, lakini kila nilipovilazimisha kimoja kilidhoofika.

Wenye simu tu bila kompyuta, Chrome ya Android haipokei ekstensheni, msihangaike. Firefox ya Android inapokea, na tangu Desemba 2023 wamefungua mlango kwa ekstensheni nyingi, LeechBlock NG ikiwemo. Dogo nimemwekea, swali lake la kwanza likawa kama itamzuia TikTok. TikTok ya kwenye brauza ndiyo, app yenyewe ekstensheni haiigusi. Hiyo aende kwenye mipangilio ya simu, simu nyingi za Android zina Digital Wellbeing, unaipangia app dakika zake za siku, zikiisha inakuwa ya kijivu haifunguki mpaka usiku wa manane. Nayo ni bure.